Belichick na kichapo cha 48-14: tatizo ni kocha, wachezaji, au sisi mashabiki?

Mnazi_wa_Bluu (Raleigh) – Septemba 2, 2025
Wadau salaam. Nimerudi kutoka Kenan Stadium na bado sielewi nilichoangalia. Kwa msiofuatilia futiboli ya vyuo vya Marekani, North Carolina walimtimua Mack Brown mwaka jana mwishoni mwa Novemba, Desemba wakamchukua Bill Belichick, ndio huyo huyo kocha wa zamani wa New England Patriots ya NFL, ligi ya kulipwa, mkataba wa miaka 5, dola milioni 10 kwa mwaka. Tiketi za msimu zikaisha zote. Jana ndio mechi ya kwanza, nyumbani, Jumatatu ya sikukuu ya wafanyakazi, nchi nzima inaangalia, Michael Jordan yupo, Lawrence Taylor yupo, Mia Hamm yupo, wote magwiji waliosoma hapa. Mara ya kwanza tu kushika mpira tukatembea yadi 83, Caleb Hood akaingia nao, 7-0, uwanja ukalipuka, jirani yangu simjui hanijui akanikumbatia. Kuanzia hapo wageni wetu TCU, chuo cha Fort Worth, Texas, wakafunga pointi 41 mfululizo, sisi kimya. Imeisha 48-14.

Swali ni moja: tatizo ni kocha, ni wachezaji, au sisi ndio tuliuziwa mbuzi kwenye gunia?

Mkesha_Mbagala
Mimi nipo Dar, mechi imeanza saa tisa usiku na kazini naingia saa mbili. Nilivyoona 7-0 nikasema huyu mzee ni balaa, nikaenda kuchemsha chai, kurudi nakuta mambo yameharibika, kwotabeki wetu, yule mtoa pasi mkuu, katoa pasi jamaa wa TCU kaidaka anakimbia nayo mpaka mwisho. Hiyo pasi ya kuibiwa ndio iliniuma kuliko zote. Bando limeenda, usingizi umeenda.

Kocha_wa_Kijiweni
Tulizeni presha kwanza. Timu ina wachezaji wapya 70 hivi. SABINI. Hiyo sio timu, ni abiria wa daladala, wanaelekea njia moja ila hawajuani majina. Belichick kaingia Desemba, wachezaji wengine wamekuja Januari, wengine wamekuja baada ya mazoezi ya masika kuisha, halafu mnataka Septemba wacheze kama wamekua pamoja. Huyo kwotabeki mnayemlaumu, Gio Lopez, alikuwa South Alabama, kaja Aprili. Mazoezi ya masika hakuyafanya na hawa wenzake kabisa. Mpeni mtu muda.

Bibi_Charlotte
@Kocha_wa_Kijiweni hiyo ya wachezaji wapya siku hizi ni kisingizio cha kila kocha mpya. Indiana mwaka jana walimleta Curt Cignetti, akaja na wachezaji wake kutoka James Madison na wengine akawaokota huku na kule, msimu wa kwanza kashinda 11 kafungwa 2. Indiana jamani, timu ambayo ilikuwa inachekwa miaka na miaka. Huyo hakuomba muda.

Kocha_wa_Kijiweni
Dada Charlotte, Cignetti alikuja na kundi ambalo tayari linamjua, wamecheza mfumo wake James Madison. Belichick kakusanya watu kutoka kila kona. Hailingani hiyo.

Mwana_wa_Muscat
Samahani wakuu, mimi wa soka la kawaida, nimeingia humu kwa sababu ya kichwa cha habari. Hawa si wanafunzi? Wanahamaje watu 70 kwa mpigo kama wachezaji wa kulipwa?

Pete_Nane
@Mwana_wa_Muscat karibu. Ni wanafunzi ndio, ila mambo yamebadilika. Zamani ukihama chuo unakaa benchi mwaka mzima, sasa hivi kuna dirisha la uhamisho, unaweka jina lako, chuo kingine kinakuita, msimu unaofuata unacheza. Halafu kuanzia Julai 1 mwaka huu vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja baada ya ile kesi ya malipo ya wachezaji kumalizwa kwa makubaliano mwezi Juni, ukomo ni kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka, michezo yote pamoja. Kwa hiyo Carolina wakasema kama mambo yenyewe ni kama ligi ya kulipwa basi tulete mtu wa ligi ya kulipwa. Wakamweka na Mike Lombardi kama meneja mkuu, wakajinadi wao ni timu ya 33 ya NFL. NFL ina timu 32, umeelewa mbwembwe zenyewe.

Mwana_wa_Muscat
Nimeelewa. Kumbe na nyie mna usajili wa mbwembwe kama Kariakoo.

Zawadi_Durham
Mimi mechi sikuingia, naendesha gari la abiria wa mtandaoni, usiku wa mechi ndio tunapata hela. Nikapiga hesabu kwamba mechi ya saa mbili usiku watu watatoka kama saa tano na nusu, nikajiegesha pembeni Franklin Street nipumzike. Saa nne na kitu simu ikaanza kulia, moja, mbili, nikadhani mtandao umechanganyikiwa. Kumbe watu wanatoka! Robo ya tatu bado haijaisha! Abiria wangu wa kwanza baba mmoja na mtoto kalala begani, jezi ya bluu mpya kabisa, lebo ya bei bado inaning'inia kwenye mkono wa jezi. Nikamuuliza vipi mechi, akaniambia washa redio ya muziki tafadhali. Sikuuliza tena.

Mnazi_wa_Bluu
@Zawadi_Durham hahaha huyo baba angekuwa mimi, tofauti mimi sina mtoto. Kipindi cha pili mchezo wa kwanza kabisa, Kevorian Barnes kakimbia yadi 75. Watu walikuwa bado wanarudi kwenye viti na soda zao. Tulienda mapumziko 20-7, unajipa moyo kwamba mzee atabadilisha kitu, yeye si ndio bingwa wa kurekebisha wakati wa mapumziko, alivyotoka huko akala yadi 75 kwa mkupuo.

Mkenya_FortWorth
Nimesoma posti zote na hakuna hata mmoja ametaja TCU kama timu. Nyinyi watu mna madharau bana. Kila mtu ni Belichick Belichick, kwani uwanjani alikuwa anacheza na nani, miti? Mimi naishi hapa Fort Worth, hawa vijana nawaona. Josh Hoover sio kwotabeki wa juzi, pasi 27 kati ya 36 zimefika, yadi 284. Sonny Dykes mwaka wake wa kwanza hapa, 2022, alifika fainali ya nchi nzima.

Bibi_Charlotte
Na hiyo fainali walifungwa ngapi na Georgia? Tukumbushe tu, mkuu.

Mkenya_FortWorth
65-7. Ndio nasema sisi tunajua uchungu wa kupigwa, na bado tulirudi tukafanya kazi. Nyinyi mmekula 48 mechi moja mmeanza kulia. Timu yenu ilipata yadi 222 mechi nzima, yetu 542. Hiyo sio bahati mbaya ya kocha mgeni, hiyo ni timu moja kuwa bora kuliko nyingine. Hata Belichick mwenyewe baada ya mechi alikubali walizidiwa kucheza na walizidiwa kufundishwa. Yeye amekubali, nyinyi mnakataa.

Pete_Nane
Hesabu ya @Mkenya_FortWorth iko sawa na mimi nitaongeza chumvi kwenye kidonda. Yadi 222, toa zile 83 za mwanzo, zimebaki 139 kwa mechi yote iliyobaki. Lopez kakamilisha pasi 4 kati ya 10. TCU wamefunga mara mbili wakiwa hata hawana zamu ya kushambulia, ile pasi aliyoiba Bud Clark na ule mpira uliomponyoka Lopez, Devean Deal akauokota akaenda nao. Na pointi 48 ni nyingi kuliko zote ambazo timu yoyote chini ya Belichick kama kocha mkuu imewahi kufungwa.

Mkesha_Mbagala
Hapana, si kuna siku Buffalo walimpiga vibaya sana kwenye mtoano?

Pete_Nane
Buffalo Januari 2022, 47-17. Arobaini na saba. Rekodi imevunjwa kwa pointi moja.

Mkesha_Mbagala
Dah. Imevunjwa na watoto wa chuo.

Jogoo_la_Shamba
Mimi nitasema ambalo wengi mnaogopa. Mafanikio ya huyu mzee yalikuwa Tom Brady, kwotabeki wake New England. Brady kaondoka 2020 kaenda Tampa kachukua kombe mwaka huo huo, mzee kabaki New England akaishia kushinda 4 kufungwa 13 msimu wa 2023 wakaachana. Sasa kaja kwa vijana wa miaka 19 na 20, wanataka kocha wa kucheka nao, yeye anaongea kama anadaiwa. Halafu benchi lenyewe ni la ukoo, ulinzi kampa mtoto wake Steve, mtoto mwingine Brian naye yumo humo humo kwenye ulinzi. Na ulinzi ndio uliokula 48.

Kocha_wa_Kijiweni
@Jogoo_la_Shamba Brady alichaguliwa namba 199 timu za NFL zilipogawana vijana wapya. Nani alimchagua? Nani alimpa nafasi 2001 wakati kwotabeki Bledsoe kaumia, na akakataa kumtoa Bledsoe alipopona? Usimtenganishe mtu na kazi yake. Na kwa taarifa yako mechi ya kwanza ya Belichick New England mwaka 2000 alifungwa na Tampa Bay 21-16, msimu ule akamaliza 5-11, watu wa Boston wanataka kichwa chake. Mwaka uliofuata akachukua Super Bowl, ubingwa wa NFL.

Jogoo_la_Shamba
Asante kwa kunisaidia. Mwaka uliofuata alikuwa na nani? Brady.

Bibi_Charlotte
Nimecheka mpaka mgonjwa wangu kaamka.

Shemeji_Greensboro
Jambo ndugu zangu. Mimi ni Mcongo, niko Greensboro, mtoto wangu anacheza hii mpira shuleni, high school. Mimi naona kitu kingine kabisa, nyinyi munasema kocha, kwotabeki, pesa. Muangalie ile yadi 75. Muangalie mikono. Watoto wa Carolina walifika pa mtu, walikuwa pa nafasi yao, lakini walimugusa tu, hawakumuangusha. Kocha wa mtoto wangu kila siku anapiga kelele, bega chini, miguu itembee, kamata viuno. Hii ni kazi ya mazoezi, na siku hizi mazoezi ya kugongana imepunguzwa juu ya kuogopa watu kuumia kichwa. Mechi ya kwanza ndiyo watu wanagongana kwa kweli. Mimi nasema robo ya kosa iko pale.

Mnazi_wa_Bluu
@Shemeji_Greensboro hii ndio posti bora ya uzi huu mpaka sasa. Nilikaa upande ule ule, niliona mabeki wetu wanamkumbatia mtu kama wanamuaga stendi. Ila TCU nao walikuwa na mazoezi hayo hayo yaliyopunguzwa, mbona wao waliangusha watu?

Shemeji_Greensboro
Wao ni timu ya zamani, wanajuana. Tunarudi pa ile ya watu 70.

Kocha_wa_Kijiweni
Asante shemeji. Kesi imefungwa.

Bibi_Charlotte
Haijafungwa popote. Mimi nina kinyongo na viongozi wa chuo. Wamemfukuza Mack Brown ana miaka 73, wakaajiri mzee wa miaka 72, wakatuambia huu ni mwanzo mpya. Hesabu yenyewe inachekesha. Na Mack Brown hakuwa mbaya kivile, 2022 alitufikisha fainali ya ACC, ligi yetu ya vyuo, akamlea kwotabeki Drake Maye ambaye NFL alichaguliwa wa tatu nchi nzima, na kaenda wapi? New England, kukaa kwenye kiti alichoacha Brady. Omarion Hampton naye kaondoka mwaka huu kaenda Chargers. Hao ndio walikuwa timu. Waliobaki ni majina kwenye karatasi.

Jogoo_la_Shamba
Fainali ya ACC mlifungwa na Clemson 39-10 lakini. Ubingwa wenyewe wa mwisho ni 1980, Lawrence Taylor akiwa mwanafunzi. Tangu hapo makocha wangapi wamepita? Labda tatizo sio kocha wala mchezaji. Hiki ni chuo cha basketi, kombe 6 za nchi, Dean Smith, Jordan. Futiboli huko ni kitu cha kusubiria Novemba basketi ianze.

Mnazi_wa_Bluu
Ukweli unauma. Ila usiseme mbele ya watu wa Duke.

Mkenya_FortWorth
Mtu akumbuke pia kocha Deion Sanders. 2023, mechi yake ya kwanza na Colorado, alikuja hapa hapa Fort Worth akatufunga 45-42. Ilikuwa na yeye pia kikosi kizima kipya, amefukuza karibu timu yote ya zamani. Wiki hiyo dunia nzima ilikuwa Colorado, mpaka watu hawajui mlima wanavaa miwani ya Deion. Akamaliza msimu 4-8. Mwaka uliofuata 9-4. Kwa hivyo mechi ya kwanza haisemi kitu, si kwa mshindi si kwa aliyeshindwa.

Kocha_wa_Kijiweni
Sasa wewe ndio unaongea.

Bibi_Charlotte
Ngoja, huo mfano unakukata mwenyewe @Kocha_wa_Kijiweni. Kikosi kipya cha Deion kilishinda mechi ya kwanza ugenini dhidi ya timu iliyotoka kucheza fainali ya nchi. Kwa hiyo upya wa wachezaji haukuwazuia.

Mkesha_Mbagala
Simba mwaka jana walimleta Fadlu Davids na kikosi kipya, Ngao ya Jamii wakapigwa na Yanga 1-0, watu wakaanza kelele, mwisho wa msimu wakafika fainali ya Shirikisho Afrika. Nasema tu.

Jogoo_la_Shamba
Walifika, wakachukua?

Msimamizi_Zamu
Simba na Yanga wana jukwaa lao. Na aliyeweka picha ya mpenzi wa kocha nimeifuta, udaku peleka kule kwenye udaku.

Mwana_wa_Muscat
Ndio kwanza nilikuwa naanza kuelewa.

Pete_Nane
Kuna wanaosema huyu mzee chuo hakijui. Baba yake, Steve, alikuwa kocha msaidizi hapa hapa Chapel Hill, kwenye chuo hiki, 1953 mpaka 1955, Bill akiwa mtoto mdogo, kisha wakahamia chuo cha Navy na ndiko alikokulia akiangalia baba yake anachambua wapinzani. Lawrence Taylor aliyekuwa uwanjani jana Belichick alimfundisha Giants, ndiko zilikotoka zile pete 2 za ubingwa wa NFL kabla ya 6 za New England. Sio mgeni wa hapa. Kwamba ataweza kazi ya chuo hilo ni jambo lingine, kwenda sebuleni kwa watu kumshawishi mama mtu akupe mtoto wake, hiyo kazi NFL haipo.

Zawadi_Durham
Wakuu Jumamosi wamewafunga Charlotte 20-3 ugenini. Walioangalia kwenye baa huku walikaa mpaka mwisho na abiria mmoja kanipa bahashishi ya dola 20. Kwa upande wangu kocha aendelee.

Bibi_Charlotte
Charlotte sio kipimo. Na naishi hapo, naruhusiwa kusema.

Mkenya_FortWorth – Desemba 2025
Nafufua uzi. Nimekuja kuhesabu tu. 4-8. Ilikuwa 4-8 ya Deion ama nimesahau?

Mnazi_wa_Bluu
Nilijua utarudi wewe. Haya, Clemson walikuja nyumbani robo ya kwanza ikaisha 28-3, tukala 38-10. UCF 34-9. Ila kuwa mkweli, California 21-18, mtu wetu kaangusha mpira mlangoni kabisa anaingia. Virginia 17-16 muda wa nyongeza, tumefunga, tukaamua kutafuta pointi mbili tushinde palepale, tukasimamishwa kabla ya mstari. Mechi hizo mbili ni za inchi. Kisha tukamaliza kwa kufungwa na Wake Forest, Duke na NC State, wote watatu wa jimbo hili, mfululizo. Hilo nililimeza bila maji.

Kocha_wa_Kijiweni
Ulinzi kuanzia Oktoba ulibadilika, mtu asiangalie namba ya mwisho tu. Baada ya Clemson timu ilikuwa inacheza. Anayelaumiwa ni upande wa kushambulia na tayari Freddie Kitchens wamemwondoa.

Jogoo_la_Shamba
Kwa hiyo Septemba kosa lilikuwa wachezaji wapya, Desemba kosa ni Kitchens. Mzee yeye hajawahi kukosea. Na mtoto wake anayeshika ulinzi naye yuko salama, sijui kwanini.

Kocha_wa_Kijiweni
Kwa sababu ulinzi ulikuwa mzuri, nimekuandikia hapo juu. Unasoma au unaruka?

Shemeji_Greensboro
Ni kweli, waliangusha watu zaidi mwisho wa msimu. Mimi na mtoto tulikuwa tunahesabu. Lakini NC State 42, pale nilishindwa kuhesabu.

Bibi_Charlotte
Mwaka wa pili wa Deion ulikuwa 9-4 kwa sababu alikuwa na Travis Hunter aliyechukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, na mtoto wake Shedeur. Sisi mwaka wa pili tuna nani? Nipeni jina moja.

Pete_Nane
Dirisha halijafunguliwa bado, subiri Januari. Ila mmeona ratiba ya mwakani? Mechi ya kwanza Agosti 29, 2026 ni TCU tena, na inachezwa Dublin, Ireland.

Mkenya_FortWorth
WAAA. Hiyo naenda. Nauza gari naenda.

Mkesha_Mbagala
Dublin ni saa mbili nyuma yetu kipindi cha kiangazi, kwa hiyo safari hii na sisi tutaangalia tukiwa macho.

Binti_wa_Leeds
Salaam, msomaji wa kimya kimya hapa, nipo Uingereza. Kwa wanaotaka kuja, Ireland haimo kwenye Schengen, visa yake ni ya kwake, msije mkakwama na visa ya Ufaransa mkononi. Kuna mtu anajua tiketi zinaanza kuuzwa lini? Sina timu, nitavaa jezi ya atakayenilipia.

Mkenya_FortWorth
Zambarau ya TCU inakupenda dada. Njoo PM.

Msimamizi_Zamu
Mambo ya PM msitangaze hapa. Tiketi fungueni uzi mpya.